Mtu wa Mkunazini na Magongo Yake Mawili

Msiniulize nasaba yake. Kazaliwa na nani, babu yake alivuka bahari mwaka gani, kabila lake lipi: hayo watu wa mji ule walimuuliza mpaka yakamchosha, na mie nilikuwamo katika waliomchosha. Nitakwambieni nilivyomjua mwenyewe. Nilimjua ukuta kwa ukuta, miaka mitatu na kitu, katika mji mdogo wa Kiarabu ulioko baina ya Ibra na Mudhaibi, na sote tukimwita Mwalimu, ingawa walimu tulikuwa tele na mie nilikuwa mmoja wao. Skuli ilikuwa moja, asubuhi wavulana, baada ya adhuhuri wasichana. Yeye akitoka na vumbi la chaki mabegani, mie naingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, bibie. Ubao nimekufutia, usije ukasema sikufanya kazi leo."

Ilikuwa miaka ya sabiini, mwanzo mwanzo wa kurudi nchi ya babu zetu. Nasema kurudi kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa tuseme. Nimezaliwa Unguja, mamangu kazaliwa Unguja, nikarudi mahali ambapo sijapata kukanyaga maisha yangu! Na ukishateremka garini, swali la kwanza si jina lako nani. Swali ni wewe wa nani. Kama hujui la kujibu, utasimama hapo hapo na sanduku lako.

Kwenye ukuta wa chumba chake cha wageni, pale ambapo wenziwe walitundika jambia au bunduki ya babu, yeye alitundika magongo mawili. Moja la Ayalandi, moja la Uskochi, na ole wako uyaite ya hoki. "Hoki ndiyo ile tuliyocheza Unguja, na ilikuwa nzuri," alikuwa akisema. "Hii siyo." Hapo atayateremsha, atakutia moja mkononi, na kahawa yako itapoa. Gongo la Ayalandi lina kichwa kipana bapa, kama mwiko wa pilau ya harusi. Mpira wake unaudaka kwa mkono, unaupiga ungali hewani, hata unakimbia nao umeukalisha juu ya gongo. Gongo la Uskochi ni jembamba, kichwa chake kimechongwa mshazari huku na huku, na mpira huugusi kwa mkono, ila golikipa peke yake. Wayalandi wanacheza watu kumi na watano, Waskochi kumi na wawili. Wayalandi wana milingoti mirefu, ukiupitisha mpira juu ya mwamba unapata pointi, ukiupitisha chini unapata goli. Waskochi goli tu, hawataki maneno mengi. Na gongo lenyewe, katika lugha zao za zamani, wanaliita kwa jina lile lile.

"Ndugu baba mmoja," akisema. "Waligombana juu ya mkono tu. Huyu anasema ruhusa, yule anasema haramu."

Lakini magongo yalikuwa kisingizio. Kilichokuwa kikimlegeza macho ni vilabu vyao. Alisoma Ayalandi miaka minne, kisha Uskochi miwili, na kwa jinsi nilivyomsikia, masomo aliyahudhuria pale mvua ilipozidi. Huko, alituambia, hakuna mchezaji anayelipwa. Muuza nyama anacheza, seremala anacheza, Jumatatu kila mtu yuko kazini kwake na jicho limevimba. Kiwanja wanakifyeka wenyewe. Wanawake wanashona fulana na kupika chai, padri anapiga kelele pembeni kushinda wote. Na Mwayalandi anachezea pale alipo, mtaa wa kanisa lake, mpaka azeeke. Hahami. Akihama klabu, mamake haendi tena sokoni kwa aibu.

Yeye mwenyewe alifanya mazoezi na watu wa mtaa mmoja mwaka mzima, wakimpenda, wakimshindilia mikate. Siku ya mashindano mzee mmoja akatoa ramani. Nyumba aliyopanga Mwalimu ilikuwa upande wa pili wa barabara. Upande wa pili ni mtaa mwengine, na huo mtaa mwengine ndio maadui zao. Basi! Akakaa pembeni na gongo lake mapajani, wale waliompa mikate wakamuomba radhi mmoja mmoja, lakini hawakumchezesha. Hadithi hii akiisimulia kwa kuisifu. Nilikuwa nikimwambia, "Mwalimu, hawa walikudhulumu," naye ananikatalia. "Hawakunidhulumu. Wanajua kwao ni wapi. Unajua raha ya kujua kwenu ni wapi?"

Uskochi mambo yalikuwa mbali. Huko alifikia bonde lenye nyumba chache na kondoo wengi. Vijana wamekwenda mijini, waliobaki ni kumi na mmoja, na mmoja wao ana miaka hamsini. Walipomuona anashuka kwenye basi wakamuuliza kitu kimoja, kama anaweza kukimbia. Na bonde la jirani, ambalo babu zao walipigana nalo tangu zamani, nalo lilipobakiwa na watu sita, wakaungana wakafanya klabu moja. Walinuniana katika basi, lakini uwanjani walipeana mpira. "Kwa dhiki," alisema Mwalimu. "Si kwa mapenzi. Lakini mpira walipeana."

Mtu huyu alikuwa na vituko, sitaki mdhani namsifu tu. Darasani mpole, mtoto akikosea hesabu anaambiwa, "Karibu, umekaribia." Kiwanjani, astaghfirullah. "Inama! Gongo chini, mdomo kimya!" Mwanamume mzima na ndevu zake anafokewa mbele za watu mpaka anatamani ardhi ipasuke. Akihubiri kwamba mchezaji haruhusiwi hasira, na mara mbili nimemuona kwa macho yangu akiupindua ubao wa keram kwa sababu mkewe, Bi Zuwena, kamfunga. Na redio ikipiga taarabu anafunga dirisha, ati tumechoka na kuililia Unguja. Kumbe anasimama nyuma ya dirisha hilo hilo, kimya, mpaka nyimbo iishe. Bi Zuwena ndiye aliyeniambia, na tulicheka sana.

Timu aliianzisha yeye, kwenye wadi, mto mkavu wa changarawe chini ya ukuta wa falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba. Magongo alichonga kwa mashina ya makuti ya mitende, pale kuti linapoungana na mti, pana bapa na pamejipinda wenyewe. Ukiyakausha juani yanapiga vizuri, ila hayadumu, kila Ijumaa yakivunjika matatu manne. Mpira ulikuwa wa tenisi, Bi Zuwena kauvisha ngozi ya mbuzi. Fulana ni za ndani, nyeupe. Nusu tulizichovya kwenye buluu ya kufulia, nusu kwenye manjano ya jikoni. Hao wa manjano wakitokwa na jasho walikuwa wakinuka biriani, wallahi. Kanuni alizichanganya, kumi na wawili kama Uskochi, kudaka ruhusa kama Ayalandi, kukimbia na mpira mkononi marufuku.

Sasa mji. Mji ulikuwa na mitaa miwili, wa juu na wa chini, na baina yao palikuwa na damu ya zamani. Wazee walikwisha suluhiana kabla hatujafika sisi. Waliamkiana, walisali pamoja, lakini hawakuoana, na zamu za maji ya falaji kila mtaa ulituma mtu wake wa kuangalia saa. Mwalimu aliwapanga vijana wao mstari mmoja, na sisi wa Unguja na Pemba katikati, akawahesabu: buluu, manjano, buluu, manjano. Ndugu akaangukia huku, ndugu kule. Wazee walikaa juu ya ukuta wa falaji wakitazama, wa juu upande wao, wa chini upande wao, na sura zao hazikuwa za watu waliofurahi.

Mara moja tu niliwaona wamechanganyika. Kulikuwa na Mskochi mmoja, mpima barabara, aliyeletwa kwa Mwalimu kunywa kahawa. Alipoyaona magongo ukutani alishika kichwa. Ijumaa ya pili akarudi na mwenziwe Mwayalandi kutoka kambi ya njia ya Sur. Wakavaa fulana zetu, mmoja buluu, mmoja manjano, wakaingia wadini. Haikupita robo saa wakawa wanagombana pua kwa pua, huyu anasema umeushika, yule anasema kuushika ni haki yangu, na Mwalimu katikati anawafokea wote wawili wainame. Wazee wa juu na wa chini walicheka mpaka vilemba vikawatoka, wakipigana mabega. Nilidhani siku ile mambo yamekwisha tengenea.

Lakini Mwalimu alikuwa na lake lililokuwa likimla. Mamake alibaki Mkunazini, pale pale Unguja mjini, mzee, macho yameanza kuingia ukungu, anaangaliwa na majirani. Kila barua yake ilimalizikia kwa maneno yale yale, nisije nikafa sijakuona. Kumleta kulihitaji kibali, kibali kilihitaji Mwalimu awe na pasipoti ya hapa, na pasipoti ilihitaji barua ya sheikh wa kabila kusema huyu ni wetu, babu zake twawajua. Babu yake wa tatu alitoka mtaa wa juu, au ndivyo alivyosikia. Kwa hivyo barua yake ilikuwa kwa Sheikh wa mtaa wa juu, mzee mkavu asiyepoteza neno, na Sheikh kila akiulizwa anasema, "Tutaangalia." Barua ya babangu mie nayo ilikuwa huko huko, kwa mzee huyo huyo, nasi tukiangaliwa.

Mwaka ule, kabla ya Idi kubwa, vijana walitaka kucheza Idi pili mbele ya mji mzima. Mkutano wa watu wengi lazima ofisi ya wali, mkuu wa wilaya, ipate orodha ya wachezaji. Karatasi za namna ile zilikuwa na safu tatu: jina, kabila, mahali. Mwalimu akalifuta kabila kwa mstari wa rula. "Ayalandi hawaandiki kabila," akasema. "Wanaandika mahali, na inatosha. Tukiondoa kabila tumeondoa ugomvi."

Mie hati yangu ya Kiarabu ilikuwa nzuri, nimesomea Misri. Akanipa karatasi, nikakaa uani kwake, wachezaji wakawa wanapita mmoja mmoja. Wenyeji wakasema mtaa wa juu, mtaa wa chini, nikaandika. Wakaja wetu. Nikawauliza kwa Kiswahili kama kawaida, "Kwenu wapi?"

"Malindi."

"Kikwajuni, dada, na uandike kubwa!"

"Mie Wete."

Wakacheka, nikacheka, nikaandika. Kumi walikuwa. Mungu anisamehe, niliona raha. Miaka tumeulizwa wa nani, wa nani, leo kwa mara ya kwanza mtu anaulizwa kwao na anajibu bila kutafuta maneno. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wake yeye, mfunzi wa timu, mtupu. Yeye yuko ndani. Sikumuuliza. Ilinijia tu mkononi, nikaandika: Mkunazini. Nikampelekea, akatia saini, nikaenda zangu kupika.

Hakuna mtu wa pahala pengine popote angefanya kosa lile. Kwa wenyeji, mahali si ulipozaliwa. Mahali ni palipozaliwa jina lako. Karatasi iliposomwa kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa wa juu, walichosikia wao ni watu kumi na mmoja wanasimama na kusema sisi si wenu. Watu ambao nusu yao wamo mlangoni wanaomba barua ya kuwa ni wao!

Babangu alikuwapo siku alipoitwa Mwalimu, ndiye aliyetusimulia. Mwalimu alipewa kahawa, akaiweka chini bila kuinywa, ndivyo afanyavyo mtu mwenye haja, hanywi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Sheikh akakiangalia kile kikombe.

"Kunywa kahawa yako, mtu wa Mkunazini," akasema.

Mwalimu hakusema sikuandika mimi. Alisema, "Ni makosa ya karatasi, Sheikh."

"Karatasi ina saini yako."

"Ina saini yangu."

Sheikh akatoa sharti lake. Idi pili mchezo utakuwapo, lakini kila mtu na mtaa wake, juu kwa chini, na hao wa Malindi na Kikwajuni kila mmoja ataingia upande wa babu yake. Na Mwalimu mwenyewe atavaa buluu, atasimama na mtaa wa juu, watu wamuone. Baada ya Idi aje anywe kahawa.

Nilimngoja asubuhi mlangoni mwa skuli. Nilikuwa sikulala. Nikamwambia nitakwenda kwa mke wa Sheikh, nitasema mkono ni wangu.

"Na barua ya babako?" akaniuliza.

Nikauegemea mlango.

"Basi nyamaza, bibie. Mie watanipa yangu baada ya Idi." Kisha akasema, polepole, "Ninachoogopa si karatasi. Wale vijana nimewapa magongo. Wakichanganyika, gongo ni la mchezo. Ukiwatenga juu kwa chini, unajua gongo ni la nini."

Nikanyamaza. Ndicho nilichofanya, na sijipambi.

Idi pili baada ya sala ya alasiri mji wote ulikuwa wadini. Wanaume wamevaa majambia kiunoni na bakora mkononi, kama ilivyo sikukuu, na safari hii hakuna aliyeketi pamoja na mwengine. Wa juu mashariki ya wadi, wa chini magharibi. Mie na Bi Zuwena tulikuwa darini kwetu, ndiyo nyumba iliyokuwa ikiuangalia uwanja wote. Bi Zuwena alikuwa kashika ukingo wa dari kwa mikono miwili.

Mwalimu alivaa buluu. Mtu wa miaka arubaini na kitu, kitumbo kidogo, anakimbia huku anawapigia kelele wote, wake na wasio wake, gongo chini, gongo chini! Hawakumsikiliza. Mpira ukishaondoka magongo yalikuwa bado yanagongana. Watu pembeni hawakushangilia. Walikuwa wakihesabu, nani kamgonga nani. Niliona mzee mmoja wa chini kasimama, na wa juu mmoja naye akasimama, bila sababu, kwa kuwa mwenziwe kasimama.

Vumbi likatimka karibu na goli la manjano. Watu saba wanane wamerundikana. Kutoka chini huwezi kuona kitu, lakini sisi tulikuwa juu. Nilimuona mjukuu wa Sheikh ameliinua gongo juu ya bega, mpira hauko hapo, mpira uko mbali, na akalishusha. Mwalimu alikuwa hatua kumi nyuma yake. Kijana wa chini akaanguka na uso wake ukawa damu tupu.

Sauti iliyotoka upande wa magharibi sijaisikia tena maishani. Majambia yalikuwa hayajachomolewa, lakini mikono ilikuwa imeshafika. Mwalimu akapenya katikati, akapiga magoti, akavua fulana yake akamkandamiza yule kijana jichoni. Kisha akainuka na gongo lake mkononi, akasema kwa sauti ile ile ya "inama":

"Aliyempiga ni mimi!"

"Mwongo," akasema Bi Zuwena pembeni yangu. "Mwongo mkubwa, Mola amhifadhi."

Mzee wa mtaa wa chini akamwendea. Alikuwa ndiye babu wa aliyeanguka. Hakumuuliza kwa nini. Akamuuliza lile swali.

"Wewe wa nani?"

Mwalimu alikuwa kifua wazi, damu ya mtu mpaka viwiko. Alijua, na mie darini nilijua, kwamba akisema wa juu, pigo ni la mtaa wa juu na damu ya zamani imefunguka upya. Akasema:

"Mimi si wa mtu hapa. Orodha mmeisoma wenyewe. Mimi mtu wa Mkunazini."

Mzee wa chini akageuka kwa Sheikh. "Ni wenu huyu?"

Sheikh alisimama mashariki, bakora yake ameichimbia changaraweni. Mjukuu wake alikuwa nyuma yake, gongo limemdondoka. Sheikh naye aliona, nina hakika aliona, kwa sababu hakumtazama mjukuu hata mara moja. Alimtazama Mwalimu. Nikaomba Mungu, sijui nikaomba nini, aseme ndiyo au aseme siyo. Muda ule ulinichukua umri wangu.

"Si wetu," akasema Sheikh.

Ikaisha hapo. Mgeni kapiga kwa bahati mbaya, mgeni hana mtaa wa kulipiziwa. Mikono ikatoka kwenye majambia. Wakambeba kijana wakampeleka hospitali ya Ibra, na wazee wa mitaa miwili wakakubaliana papo hapo, mgeni aondoke mjini ndani ya siku tatu.

Aliondoka ya pili. Nilimsaidia Bi Zuwena kufunga vyombo, na Mwalimu aliyafungia magongo yake kwenye shuka asitake kusaidiwa. Barua ya babangu ilitoka mwezi uliofuata, imeandikwa vizuri, na kwa barua ile sote nyumbani tulipata pasipoti.

Walikwenda Sur, kisha Nizwa. Habari zikinifikia. Karatasi zake alizipata mwishoni kwa njia ya kazi, ila ilichukua miaka, na kibali cha mama kilipotoka mama alikuwa keshazikwa miezi mitano. Nilimwandikia taazia kurasa nne, sikutia ndani neno hata moja la lile nililokuwa nalo moyoni. Mwoga ni mwoga.

Katikati ya miaka ya thamanini Sheikh akafa. Mwanawe alipofungua sanduku lake akakuta barua, akamletea babangu, na babangu akanipa mimi. Ilikuwa imeandikwa jioni ya Idi pili ile ile, kwa mkono wa Sheikh mwenyewe: fulani bin fulani ni wetu, mwana wa wetu, babu zake twawajua. Kaiandika, kaipiga muhuri, kaifungia. Hakuweza kuitoa bila kuurudisha ule ugomvi. Nikamwambia mume wangu anishushe Nizwa siku ile ile.

Mwalimu alikuwa amepungua, ndevu nyeupe zote. Bi Zuwena alinikumbatia akaenda jikoni. Nikampa barua, akaisoma mara mbili, akaikunja vile vile ilivyokuwa, akanirejeshea.

"Mrejeshee mwanawe."

"Mwalimu, hii yako! Mwenyewe kaandika."

"Yule kijana, jicho lake vipi?"

"Anaona kidogo. Lakini kaoa, ana watoto."

"Kaoa wapi?"

"Mtaa wa juu," nikasema. "Kaoa mjukuu wa Sheikh, dada yake yule aliyeshusha gongo."

Alicheka kweli kweli, mpaka akajifuta macho. "Sasa weye unataka leo mie niwe wa juu? Nikiwa wa juu, watauliza tena nani alipiga. Watamkuta shemegi yake mezani. Nenda na barua yako, bibie."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikamwambia yote, nikilia kama mtoto, kwamba ule mstari niliujaza mimi, kwamba sikumuuliza, kwamba alitia saini bila kusoma kwa kuniamini, na mamake akafa akimngoja kwa ajili ya mkono wangu. Akaniacha nimalize.

"Nilisoma," akasema.

Nikamtazama.

"Nilisoma kabla sijatia saini. Kila mstari. Nikaliona Mkunazini limekaa pale, kwa hati nzuri, nikalipenda. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, rula iko mezani, na mzee yule nilikuwa namjua. Nikasema, liache likae. Mamangu kafa peke yake kwa sababu sikutaka kulifuta."

Bi Zuwena akaleta maji ya kunawa. Nikaitia barua mkobani, na sote watatu tukanawa.